Mkanda wa Saba

Jumapili, 2 Machi

Mawingu yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi na hayajatoa kitu. Nimeamua kuandika humu mpaka masika iishe. Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne nikiwalazimisha watoto wa watu waandike shajara, na mimi mwenyewe sikuwahi kuandika hata ukurasa. Mganga hajigangi, lakini sasa nimestaafu na sina kisingizio.

Hapa nyumbani tumebaki wawili: mimi Mektrida, na mume wangu Sirili, ambaye Kirua nzima humwita Mjapani. Ujanani aliendesha mashine ya sinema katika ukumbi mmoja pale Moshi mjini. Mwaka 1980 ikaletwa sinema ya Kijapani, ya watu wa mapanga, isiyo na rangi. Ikaonyeshwa wiki tatu, ikaondoka. Kichwani mwa Sirili haijaondoka hadi leo. Akipogoa kahawa, tawi moja ni pigo moja. Akipewa chai huipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kidogo. Akisema saa mbili, ni saa mbili, na ukifika na dakika tano utamkuta ameshaondoka. Nimeolewa naye miaka arobaini na bado nasahau.

Wala si yeye peke yake. Vijana wote wa rika lake walioingia ukumbini mwaka ule walitoka na kitu. Yuko Tito, mlinzi kule Shirimatunda, anayefungua geti kana kwamba nyuma yake kuna mfalme. Yuko fundi cherehani wa Rau aliyefunga nywele kisogoni mpaka zikamwisha.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Imeanza! Ilitukuta tukitoka kanisani, matone makubwa ya kwanza, na harufu ya vumbi lililolowa ikapanda mpaka nikasimama barabarani kama mtoto. Sirili alitembea kwa mwendo uleule bila kukimbia. Amefika amelowa chapachapa na ameridhika.

Jioni Rachel aliniita uani. Rachel ni mke wa Hosea, mdogo wake Sirili, na nyumba yao iko hapo ng'ambo ya ua wa masale, yale majani marefu membamba tunayopandia mipaka, kwenye kihamba cha mama mkwe, shamba lake la migomba. Mimi na Rachel tunasemezana siku zote. Waume zetu hawasemezani, mwaka wa kumi na moja sasa.

Rachel ameniambia Hosea ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Binti yao Stella anakuja kuwachukua wote wawili waende wakaishi kwake Mwanza. Tiketi zimeshakatwa, basi la tarehe 20 Mei. Nyumba itafungwa.

"Na hawezi kurudi tena, Mwalimu," akasema Rachel. "Mtu kipofu atarudi kufanya nini?"

Nimekaa jikoni muda mrefu bila kuwasha taa.

Nisipoandika sababu ya ugomvi, shajara hii ni kazi bure. Mama mkwe alifariki 2014. Hosea alikuwa fundi wa malori Tunduma. Tulitangaza mazishi saa tisa alasiri. Basi la Hosea likaharibika njiani, akapanda lingine, na saa nane na dakika hamsini akapiga simu: "Nimefika Mwanga. Nipeni saa moja." Simu niliishika mimi. Nikampa Sirili ujumbe mbele ya watu wote. Akaangalia saa yake. Akasema, "Tumetangaza saa tisa." Saa tisa kamili jeneza likashuka. Hosea aliingia saa kumi kasorobo, hata hakuimaliza ile saa aliyoomba, akakuta tunapanga mashada juu ya udongo. Hakulia. Alimtazama kaka yake tu, kisha akaingia ndani kwa mama yake na kufunga mlango.

Kwetu kuna dawa ya jambo kama hili. Aliyekosa anachuma isale kwenye ua, anakwenda na jani lile mkononi mpaka mlangoni kwa aliyemkosea, na aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Sirili anayapunguza masale yale kila mwezi, kwa pigo moja moja. Hajawahi kubeba jani hata moja. Ni kiburi, na kiburi hicho nimekilia sana.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mahindi ya shamba la chini tumemaliza kupanda.

Jumapili, 23 Machi

Evelyn, binti yetu, alifika jana kutoka Dar akiwa na kompyuta yake na habari za kumfurahisha baba yake: ameipata ile sinema. Imesafishwa, ina maandishi ya Kiingereza chini.

"Baba, surprise! Leo unaiona tena, full, mwanzo mwisho."

Sirili alisimama, akachukua kofia, akasema anakwenda kutazama mfereji. Mvua inanyesha na mfereji umejaa wenyewe! Evelyn akaniangalia. Nikamwambia, "Mwache baba yako. Niwekee mimi."

Nilikaa nikijua nitasinzia. Nimesikia habari za sinema hii miaka arobaini, na kitu ukikisikia mno hukichoka kabla ya kukiona. Sikusinzia. Hata chai yangu ilipoa.

Ni hadithi ya marafiki wawili waliolelewa na mwalimu mmoja wa upanga. Mmoja amepewa lango la ngome alinde. Amri ni kwamba ngoma ikipigwa mara ya tatu, lango linafungwa. Adui wanakuja, ngoma inapigwa, na yule rafiki yake anaonekana kwa mbali anakimbia amembeba baba yake mgongoni. Mlinzi anamwona. Sisi nasi tunamwona mlinzi anavyomwona. Uso wake haufanyi lolote, na bado nilihisi moyo wangu unabanwa. Ngoma ya tatu. Anafunga.

Niliandika hapo juu kwamba Sirili aliangalia saa yake. Sasa najua alikuwa anasikiliza ngoma.

Halafu mvua. Sijui wale watu waliipigaje picha mvua ile. Nimezaliwa kwenye mvua, nimechimba, nimefua na nimezika kwenye mvua, lakini sijawahi kuitazama namna hii, inavyoning'inia kwenye ukingo wa paa, inavyomfanya mtu mmoja aonekane yuko peke yake duniani. Miaka imepita. Rafiki alinusurika, baba yake hakunusurika. Mlinzi amezeeka. Anatembea kwenye mvua ile mpaka nyumbani kwa rafiki yake, anachuma jani refu jembamba pembeni mwa njia, analiweka kizingitini, anapiga magoti kwenye matope, anangoja. Anangoja muda ambao mtengeneza sinema wa siku hizi angeuogopa. Hakuna muziki. Mlango unafunguliwa.

Nikapiga makofi kwa sauti. Kumbe kweli! Sirili alinihadithia mara nyingi kwamba mwaka ule ukumbi mzima ulisimama hapo, wanaume wakipiga kelele, "Isale! Hata Wajapani wanatoa isale!" Wazee walilia. Watu walitoka nje wakikumbatiana, na baadhi walikwenda moja kwa moja kwa jirani waliogombana nao. Nilidhani anatia chumvi. Nilipouona mlango ule ukifunguka niliamini kila neno.

Lakini sinema haikuishia hapo. Ilibaki robo saa. Mwenye nyumba akatokea, akalitazama jani, na maandishi ya Kiingereza yakaeleza: jani lile ni wito wa kupigana. Maana yake, toka nje, tumalize. Rafiki akatoka na upanga. Wakapigana kwenye matope, wazee wawili wanaohema, na mlinzi akaacha upanga wake uanguke kwa makusudi, akauawa. Mwisho.

Evelyn alikuwa ameshika mdomo. "Mama, baba hajawahi kusema hii part."

Jumatatu, 24 Machi

Nimemsubiri Sirili amalize chai. Nikamwambia, "Baba Evelyn, nimeiona mpaka mwisho."

Kuku wawili walipita, mmoja akarudi. Ndipo aliposema maneno ambayo hajamwambia mtu tangu mwaka 1980, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Ilikuja mikanda saba. Ijumaa niliipitisha yote peke yangu, kuangalia kama imekatika. Nikaona wa saba. Jumamosi ukumbi ukajaa mpaka watu wamekaa chini. Mkanda wa sita ukaisha pale mlango unapofunguka, nikawasha taa ili nibadilishe. Wakasimama, Mama Evelyn. Wakalia. Isale, isale. Wakaanza kutoka, wanadhani imekwisha. Mimi niko juu kwenye kijumba changu, mkanda wa saba uko mikononi. Nikawatazama. Nikaurudisha kwenye kopo lake."

"Wiki tatu zote?"

"Wiki tatu zote. Mwenye ukumbi alikuwa haingii ndani."

Nilitaka kucheka, kwamba huyu mtu asiyechelewa dakika, asiyevunja amri, alikata sinema ya watu na kuificha. Sikuweza kucheka. Nilimwona akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, juu kule gizani, anaamua peke yake mji mzima utoke na msamaha badala ya damu. Nilishikwa na kicho, neno ambalo niliwatafsiria wanafunzi miaka mingi bila kulihisi hivi.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wao waliona sita. Mimi ndiye niliyeona saba."

Halafu akaenda kumkatia ng'ombe majani. Sijaelewa vizuri alichosema.

Alhamisi, 27 Machi

Evelyn amerudi Dar. Kompyuta ya zamani ameniachia, na sinema ndani yake. Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda kwa Hosea kumwona, kwa kisingizio cha kurudisha chungio la Rachel. Amekaa barazani, uso ameuelekeza migombani, pale kaburi la mama lilipo. Alinitambua kwa hatua.

"Shikamoo, shemeji mwalimu."

"Marahaba, shemeji. Macho yanasemaje?"

"Yanaaga." Akacheka. Hosea hucheka upesi, tofauti na kaka yake. Nikamweleza kwamba Evelyn ameileta ile sinema ya zamani. Uso wake wote ukafunguka.

"Ile ya mvua? Shemeji, ile niliiona mara tisa! Kila Jumapili na kila siku ya katikati niliyoweza kutoroka. Nilikuwa na miaka kumi na minane, natembea mpaka mjini, kaka ananiingiza kwa mlango wa nyuma." Hakuwa amelitamka neno kaka mbele yangu tangu msiba. "Unajua ile ndiyo iliyonifundisha kungoja. Yule jamaa alifungiwa lango, baba yake akafa mgongoni. Hakwenda kulipiza, alikaa kwake akangoja. Miaka na miaka. Mwisho jani likaja, akafungua mlango."

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi nimengoja. Nilipostaafu wangeweza kunipa kiwanja Tunduma, nikasema hapana, narudi kukaa hapa, anione kila siku, ajue mlango uko wapi. Lakini sasa muda umekwisha. Tarehe ishirini mtoto ananichukua. Na yeye hajui kuchelewa, kaka yangu, kwa hiyo asipokuja ni kwamba haji."

Nilirudi nyumbani kwa kuzunguka barabarani ili nipate nafasi ya kulia. Ndipo nilipoelewa maneno ya Sirili. Ndugu wawili waliangalia sinema moja. Mmoja aliona mikanda sita, akakaa miaka kumi na moja akingoja jani. Mwingine aliona saba, na anajua, au anadhani anajua, nini hutoka mlangoni jani likishawekwa. Mimi niliita kiburi. Ilikuwa hofu, na nililala karibu nayo muda wote huo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisani, Sirili benchi la mbele kushoto, Hosea benchi la nyuma kulia ameshikwa mkono na Rachel. Padri alisema tupeane amani. Kila mmoja aliwapa amani majirani zake.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya mawe, dakika kumi. Migomba imechanika.

Ijumaa, 2 Mei

Nilimwona Hosea akipapasa ua wa masale kwa kiganja, anahesabu hatua kutoka mlangoni kwake. Sirili naye alimwona, akiwa juu ya ngazi kwenye mparachichi. Alibaki juu ya ngazi mpaka Hosea alipoingia ndani.

Jumamosi, 10 Mei

Nimesema. Nilikuwa nimejizuia kwa sababu mambo ya ndugu wawili yana miiba, lakini zimebaki siku kumi. Nilimweleza Sirili kila kitu: kwamba Hosea hajui habari ya mkanda wa saba, kwamba amerudi Kirua kwa ajili yake, kwamba mlango anaouogopa umekaa wazi tangu zamani.

"Na akitoka na panga?" akaniuliza.

"Panga lipi, Baba Evelyn? Mtu haoni hata kijiko!"

"Sisemi la chuma."

Na kweli, Hosea ana haki ya neno lolote, na neno la mtu aliyenyimwa kumwona mama yake mara ya mwisho linaweza kukata. Desturi inasema hawezi kukataa jani. Haisemi ni lazima akupe maneno matamu.

"Basi likukate," nikamwambia. "Yule wa kwenye sinema alijua atauawa na bado alikwenda. Wewe miaka arobaini na mitano umeiga chai yake na mwendo wake. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hukukiiga."

Sijawahi kumsemesha hivyo. Aliinuka akaenda zake. Usiku hakula.

Alhamisi, 15 Mei

Stella amefika. Kutoka kwao nasikia sauti ya kabati likisogezwa. Mvua haijakatika tangu juzi.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika leo hiihii.

Baada ya chakula cha mchana Sirili alinyoa ndevu. Akavaa shati jeupe na koti la Jumapili. Nikadhani kuna msiba sijaambiwa. Akatoka kwenye mvua bila kofia, akaenda mpaka kwenye ua, akasimama mbele ya masale kama mtu asiyeyajua. Hakutumia panga. Alichuma jani moja kwa vidole, akalishika kwa mikono yote miwili kifuani, akazunguka kwa njia ya barabarani kwa sababu ndiyo njia ya mgeni.

Nilimfuata na mwavuli. Akatikisa kichwa. Nikabaki kwenye pembe ya nyumba yao, chini ya paa la zizi.

Alipiga hodi mara moja. Akarudi nyuma hatua tatu, akapiga magoti kwenye tope. Ana miaka sitini na tisa na goti la kulia lina ugonjwa wa siku nyingi, niliona lilivyogoma na alivyolilazimisha. Akanyoosha mikono yenye jani.

Rachel alifungua. Alipoona, aliweka viganja viwili mdomoni, akarudi ndani haraka. Nikasikia anasema, kisha nikasikia Hosea anasema jambo fupi. Rachel akatokea tena na machozi yanamtiririka.

"Shemeji," akasema. "Anasema... anasema umngoje saa moja."

Akafunga mlango.

Nilifikiri Sirili atainuka. Namjua. Mtu akimchelewesha dakika tano humwacha. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akipokea chai, akabaki.

Nitasemaje kuhusu saa ile? Mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani kwa mafungu, inapiga migomba, inahama, inarudi. Maji yalikuwa yakimtoka nywele yanaingia kwenye kola. Jani lilikuwa likining'inia na kutoa tone kila baada ya muda kwenye ncha yake. Mara mbili mikono ilishuka, mara mbili akaipandisha. Stella alitokea dirishani, akanitazama mimi kule zizini kwa uso wa kuuliza, nami nikamwonyesha kwa mkono akae. Majirani wawili walipita njiani. Walisimama, wakavua kofia, wakaenda. Nilishaiona picha hii kwenye kompyuta na nikadhani nimeona kitu kikubwa. Sasa nilikuwa nayatazama magoti ya mume wangu, na nilimpenda kuliko siku ya harusi, na nilimwonea uchungu hadi nikauma kilemba changu. Nilimwelewa pia yule aliyeko ndani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake anaisikiliza saa ile pamoja nasi, dakika kwa dakika, ili aone kama kweli ni kitu ambacho binadamu hawezi kumngojea ndugu yake.

Ndani Rachel alikuwa anaulizwa saa. Nilimsikia anajibu. Tisa na robo. Tisa na nusu. Baada ya hapo hakuulizwa tena kwa muda mrefu.

Mlango ukafunguliwa. Hosea alitoka peke yake, amepapasa mwimo, amepapasa nguzo ya baraza, akashuka ngazi mbili mpaka kwenye mvua. Mikono yake ilikuwa mitupu. Alinyoosha mkono mbele, hewani, kushoto kidogo, mpaka akagusa kichwa cha kaka yake kilicholowa. Akauacha pale.

"Kaka."

"Hosea."

"Saa moja ni ndefu?"

Sirili aliinua uso. Mvua ilipungua kidogo, nikasikia kila neno.

"Si ndefu," akasema. "Ningeweza kungoja. Ningeweza, mdogo wangu, nikafunga lango."

Hosea alisimama hapo na mvua usoni, jicho moja limekufa na lingine linakufa. Kisha akashusha mkono kutoka kichwani kwa kaka yake, akapapasa mpaka akalipata jani, na akalipokea.